Tuliwapeleka bweni wana miaka 13, sasa tunalia nini wakienda chuo na 20?

Mwaka jana Oktoba nilikuwa stesheni ya treni ya SGR hapa Dar, mwanangu wa kwanza anaenda kuanza chuo Dodoma. Pale sio kama stendi ya basi ambapo unapanda nae mpaka ndani unamtafutia siti unamnunulia maji na korosho alafu unashuka gari likiwa linatembea, hapana, pale sisi wasindikizaji tunaishia nje, mzigo unapita kwenye mashine, mtoto anageuka mara moja anapunga mkono, basi, imeisha. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja analia kabisa, ile ya kwikwi, na mumewe kaona aibu anamwambia "sasa unalia nini na huyu toka fomu wani yuko bweni?"

Yule mama hakumjibu. Na mimi ambaye sikulia (nililia baadae kwenye daladala, tuache hayo) lile swali nimekaa nalo mpaka leo maana lilikuwa langu pia.

Hebu piga hesabu na wewe. Binti yangu kaingia bweni fomu wani ana miaka 13 na miezi. Likizo ndefu Juni na Desemba, zile za wiki moja Aprili na Septemba, ukijumlisha vizuri ni kama miezi mitatu kwa mwaka. Miaka sita ya sekondari ukitoa ule muda wa kusubiri selekshen baada ya fomu foo, kakaa kwangu kama mwaka mmoja na nusu. Mwaka na nusu ndani ya miaka sita! Hedhi yake ya kwanza alikuwa nae matroni sio mimi. Malaria aliyougua fomu tuu niliisikia ikiwa imeshapona. Kwahiyo mtu akiniambia siku ya chuo ndio siku ya kumuachia mtoto, namuuliza kuachia nini, mwili ulishaondoka zamani na tranka lake la bati na ndoo na kwanja na rimu ya karatasi, maana shule zilikuwa zinataka vyote hivyo kwenye fomu ya kujiunga na tulivitoa bila kulia.

Wenzetu huko Ulaya na Marekani ukisoma mambo yao ya wazazi na watoto kwenda chuo unaona kilio chao ni cha chumba kitupu, kitanda kipo mtoto hayupo. Kwetu sisi tabaka hili la kati la kujitutumua, tuliokopa benki na kwenye vikoba ili mtoto asome shule ya bweni "yenye maadili", chumba kilishakuwa kitupu siku nyingi, mara nyingi kashahamia mdogo wake au mtoto wa shemeji aliyekuja kutafuta kazi mjini. Kilio chetu kipo sehemu nyingine na nadhani tunakikosea jina, tunasema tumemmiss mtoto wakati tulichomiss ni mtu wa kati.

Kwa miaka yote ile sikuwa namlea mimi, nilikuwa nalea kwa kupitia watu. Kulikuwa na kengele ya saa kumi na moja alfajiri, mchakamchaka, foleni ya uji, prepo usiku, mlinzi getini, matroni mwenye namba yangu ya simu na mimi nina yake. Mtoto hakuamua aamke saa ngapi, ale nini, avae nini, anyoe vipi. Na mimi kwa kulipa ada nilikuwa nalipia hasa hiyo kutokuamua. Nikitaka kujua anaendeleaje nampigia mwalimu wa darasa, simuulizi yeye. Sasa chuo kinafungua geti hakuna kengele, hakuna matroni anayepokea simu ya mzazi, na wewe unagundua kitu cha kutisha, kwamba huyu mtu wa miaka 20 hujawahi kumuona akiamua jambo lolote hata la kununua viatu. Ndio maana tunaogopa. Tunaijua kazi yetu ilivyo.

Nitoe mfano wa matokeo maana hapo ndipo nilipojiona vizuri. Toka darasa la saba mpaka fomu siksi matokeo ya mtoto wa Tanzania ni mali ya umma. Baraza la mitihani, NECTA, linayaweka kwenye tovuti shule kwa shule, ukiwa na namba yake ya mtihani unayo kila kitu, divisheni, pointi, somo kwa somo. Mwaka wa fomu foo shangazi yake aliyeko Shinyanga aliyaona kabla yangu akanipigia kunipongeza wakati mimi bado nahangaika na mtandao. Hatujawahi kuona kama ni jambo la ajabu mtoto kusomwa na ukoo mzima. Alafu anaingia chuo, semista ya kwanza inaisha, matokeo yapo kwenye mfumo wa chuo na pasiwedi anayo yeye peke yake. Namuuliza vipi, ananijibu "nimepita mama". Neno moja lile na jina langu. Nikakaa kimya, nikamwambia basi nipigie picha hapo nione. Akacheka akasema "mama, nimepita."

Sikulala vizuri. Na sio kwamba nilihisi kadanganya, kilichoniuma ni kwamba kwa mara ya kwanza ilibidi nimuamini mtu badala ya kuamini karatasi. Kuna tofauti kubwa pale na hatukuwahi kuifanyia mazoezi.

Sasa nikiri kosa langu maana siwezi kuandika haya nikijifanya mtakatifu.

Wanaojua utaratibu wa sasa wanajua fomu siksi wakimaliza mtihani Mei, wengi wanaitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Mpango huu ulisimama 1994 ukarudishwa 2013, na kwa wazazi wa mjini umekuwa kama stori ya kijiweni, kila mtu ana lake. Wangu aliitwa kambi ya Ruvu. Simu haziruhusiwi. Matokeo yanatoka Julai yeye yupo porini anapiga kwata, na madirisha ya kuomba vyuo yanafunguliwa na kufungwa kipindi hichohicho, na siku hizi unaomba moja kwa moja kwenye chuo chenyewe sio kwa kupitia tume ya vyuo vikuu, TCU, kama zamani, kila chuo na mfumo wake na ada yake ya maombi. Kwahiyo nani kajaza? Mama. Mimi nimekaa steshenari Tabata na kijana wa kompyuta, namba ya simu tumeweka yangu, barua pepe kanitengenezea palepale.

Binti alisoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, na kabla hajaenda kambini aliniambia anataka takwimu. Takwimu! Mimi kwenye ukoo wetu simjui mtu hata mmoja aliyekula kwa takwimu. Nikaweka uhasibu namba moja kila chuo, maana mhasibu bana hata dukani kwa Mhindi anapata kazi, takwimu nikaiweka chini kabisa chuo kimoja tu ili dhamiri isinisute. Nikamwambia yule kijana wa steshenari "weka hivyohivyo". Serikali inamfundisha mwanangu kushika silaha, mimi huku namchagulia kozi. Nikiifikiria saivi naona ni kichekesho lakini siku ile niliona ndio umama.

Majibu yakatoka, kachaguliwa uhasibu chuo kimoja hapa Dar na takwimu Dodoma. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja, na namba ya kuthibitisha, wenyewe wanaita kodi, inakuja kwa meseji. Simu ya nani? Yangu. Yeye ndio kwanza karudi toka kambini, mweusi, amekonda, anaamka saa kumi usiku bila kuitwa na ananiita "afande" kwa bahati mbaya mara mbili tatu. Akasoma yale majina, akaniuliza kwa upole tu, "mama hiyo kodi ya Dodoma unayo?" Nilikuwa nayo. Nikamwambia mtandao unasumbua. Nilikaa na ile meseji siku mbili.

Siku mbili hizo ndio nilizojifunza kuliko semina zote za malezi za kanisani. Maana hakunifokea, hakulia, hakumwambia baba yake. Siku ya tatu asubuhi nimeamka nimemkuta ameshafua, ameshasonga uji, kakaa mezani na daftari ameandika bajeti ya Dodoma, nauli, bima ya afya 50,400, ada ya TCU 20,000, godoro, mpaka pini za nguo. Akaniambia nikague kama kuna alichosahau. Nikaitafuta ile meseji nikamsomea tarakimu moja moja.

Kama kuna siku nilimuachia mtoto basi ni ile, mezani kwangu na simu yenye kioo kilichopasuka. Stesheni ilikuwa ni kumsindikiza tu.

Nimewahi kuongea na mzee mmoja wa Bagamoyo kuhusu haya, akaniambia nyinyi mna shida kwasababu mmeondoa kumbi mkaacha mtoto akue bila mtu wa kuwatangazia. Nikamuelewa taratibu. Kwenye jando na unyago wa pwani mzazi sio aliyekuwa anamtoa mtoto utotoni, alikuwa anamkabidhi kwa kungwi, anakaa huko, anarudi na nyimbo na siri zake, na kazi mojawapo ya ile sherehe ya kumtoa ilikuwa ni kuwaambia wazazi mbele ya watu kwamba huyu sio yule wa juzi, kuanzia leo mama huingii chumbani kwake bila hodi. Yaani aliyefundwa hakuwa mtoto peke yake. Sisemi turudi kule, kuna mambo mengine kwenye zile kumbi bora yalivyoisha, lakini ule upande wa pili wa kumfunda mzazi hatukuuwekea mbadala wowote. JKT inafanya nusu ya kazi, afande anamwambia kuruti wewe sasa ni mtu mzima, ila hakuna afande anayekuja nyumbani kumwambia mama.

Na tusidhani ni utata wa wazazi tu, nchi yenyewe haijawahi kuamua mwanafunzi wa chuo ni nani. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kupinga masharti ya JKT ya wakati ule, Nyerere akawafukuza karibu 400 wakarudishwa makwao, na hasira zikampanda mpaka akakata na mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Watu wazima waliokuwa wanategemewa kuja kuendesha wizara, adhabu yao ikawa kurudishwa kwa baba na mama. Leo mtoto wa miaka 18 ni mtu mzima kisheria, anapiga kura, ila akienda kuomba mkopo fomu inataka mzazi au mdhamini mwingine asaini na picha yake ibandikwe. Ni mtu mzima mwenye mdhamini.

Tuje kwenye hela maana bila hela makala yoyote ya wazazi na chuo ni porojo.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, sehemu ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, inaingia kwa mafungu, wenyewe wanaita bumu. Fungu la siku 60 ni laki sita. Mtoto ambaye miaka sita alikuwa anaachiwa elfu ishirini ya matumizi kwa matroni anaamka asubuhi amesaini, akaunti ina laki sita, hakuna aliyewahi kumuachia hata laki moja aipangie. Unategemea nini? Wiki mbili za kwanza kuku na chipsi, simu mpya ya mkopo, mikeka ya kubeti kwa wavulana (na wasichana siku hizi wapo), alafu wiki ya sita wanapiga pasi ndefu, yaani wanaruka mlo wa mchana ili waunganishe na usiku. Wazee tunasikia tunasema watoto wa siku hizi hawajui hela. Wangeijulia wapi.

Ambao hawana mkopo, kama wangu, sisi wazazi ndio bumu. Na hapa ndio nimegundua wengi wetu tunafanya ujanja bila kujua ni ujanja, tunatuma kidogokidogo. Elfu kumi na tano Jumatatu, elfu ishirini Ijumaa "na ya kutolea". Tunasema ni kwasababu hela yenyewe inapatikana hivyo, na kwa wengi ni kweli kabisa, mama ntilie au dereva bodaboda hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ila mimi nina mshahara. Mimi ningeweza kutuma ya mwezi mzima tarehe 25 nikamaliza. Nilikuwa situmi kwasababu nikituma yote hanipigii. Kila elfu kumi ilikuwa ni simu, na kila simu ilikuwa ni nafasi ya kuuliza umekula, uko na nani, hiyo sauti ya mwanaume ni ya nani. Kamba ya M-Pesa hiyo, na makato yake juu.

Januari nilijaribu kutuma ya mwezi mzima. Ilikata tarehe 19. Akapiga, nikashika moyo nikamwambia mpaka tarehe 25 mwanangu, na hapo nimekaa na elfu hamsini kwenye simu natetemeka. Baba yake, ambaye ndio siku zote anasema "huyu keshakua muachieni", nikaja kugundua alimrushia elfu thelathini kimyakimya usiku uleule. Hawa wababa nao ni stori nyingine, mdomoni wameachia kabla ya sisi lakini nenda kaangalie nani anampigia rumeti wa mtoto saa nne usiku.

Ila Februari ilifika tarehe 24. Sijui alifanyaje, sikuuliza.

Kuna jambo hata hivyo nalifikiria kila nikisoma wazazi wenzangu wa mjini tunavyolalamika. Haya yote ni matatizo ya nyumba ambayo mzazi alikuwa ana kitu cha kushika. Nimefundisha sekondari ya kata miaka kadhaa huko wilayani na nakumbuka watoto waliokuwa wanajaza fomu za mkopo wenyewe, wanatembea na cheti cha kuzaliwa kwenda kukihakikisha RITA, wakala wa vizazi na vifo, wanarudi kijijini baba anaweka dole gumba pale anapoonyeshwa na mwanae. Kwenye nyumba ile baba aliachia siku nyingi, hakuwa na namna, toka fomu wani yule kijana ndiye mtaalamu wa familia, ndiye anayesoma barua za serikali ya kijiji na kujua salio la simu. Hapo swali linageuka kichwa chini miguu juu. Anapanda basi kwenda chuo na hakuna anayemuuliza kozi gani, ila bumu likiingia simu inalia, mdogo wako kafukuzwa hana sare, bibi anahitaji dawa, paa limevuja. Laki sita ya chakula cha siku 60 inagawanywa kwa watu saba. Kuna vijana wanapiga pasi ndefu chuoni sio kwasababu walikula kuku, ni kwasababu wamelipa michango ya shule ya mdogo wao.

Yule nani anamuachia nani? Mzazi kaachia mtoto, nyumba haijamuachia. Tena wenye nyumba za namna hiyo ndio wengi, ila wanaoandika makala ni sisi wa steshenari za Tabata.

Ndio maana sipendi sana hili neno "kuachia" linavyotumika, kama vile lengo ni mtoto aondoke aende zake ajitegemee tusionane mpaka Krismasi. Hakuna mtu kwetu anayetaka hivyo, si mzazi si mtoto. Tunasomesha tukijua kuna siku tutazeeka na yule tuliyemsomesha ndio atakayetupeleka hospitali, tusidanganyane, hata wenye pensheni tunajua pensheni ilivyo. Kamba haikatwi. Kinachobadilika ni nani anavuta kwanza. Zamani mimi ndio nilikuwa nauliza na yeye anajibu, sasa inabidi nikae nisubiri mpaka aulize yeye, na akiuliza nijibu alichouliza tu. Ukiisoma inaonekana nyepesi, jaribu uone.

Nilijaribiwa Machi. Hosteli za chuo hazitoshi, hili lipo nchi nzima, kuna vyuo watoto wanalala wawili kitanda cha mmoja mpaka jambo lenyewe wamelipatia jina, wanaita kubebana. Wangu alipata nafasi, nikashukuru Mungu, nikajua nimemaliza. Alafu ananipigia Machi kwamba kahama, yeye na wenzake wawili wamepanga geto mtaani, chumba na sebule, wanachangia kodi. Sio anaomba ruhusa, anataarifu. Nilihisi kichwa kinapasuka. Kila mama wa Kitanzania akisikia geto anaona picha moja tu, binti anapika na kupakua kwa kijana mwenye pikipiki. Nikapandisha sauti nikasema yote, mimba, wezi, umbali, aibu, nikamaliza na ule msemo wetu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Akasema, "mama si ulinifunza?"

Nilikosa jibu. Ule msemo tunautumia kama fimbo siku zote, kama vile ulimwengu ni adhabu ya waliokosa mama. Lakini mimi mwenyewe nilifunzwa na mama yangu vizuri sana na ulimwengu ukanifunza vilevile, wala haukunipunguzia ada kwasababu nilitoka kwenye nyumba nzuri. Nikamuuliza kodi kiasi gani, maji yapo, mlango una kufuli la ndani? Akanijibu vyote, alikuwa ameshaviangalia. Lile la kufuli alikuwa ameliangalia kabla ya kodi.

Sijaenda kuliona geto mpaka leo. Nilipanga kwenda Pasaka bila kutoa taarifa, yaani ghafla, nikawaambia akina mama wenzangu kwenye grupu letu la WhatsApp la wazazi wa mwaka wa kwanza (ndio, lipo, na lina watu zaidi ya mia, na kuna baba mmoja humo anatuma ratiba ya mitihani ya wanafunzi kuliko wanafunzi wenyewe). Nusu wakaniunga mkono. Mmoja akaandika tu, "ukimfumania utamfanya nini, utamrudisha fomu wani?" Nikaahirisha.

Sisemi niko sawa. Inawezekana kuna kijana mwenye pikipiki. Kuna watoto kweli wanapotea huko, wanadisko, yaani wanafeli mpaka wanaondolewa chuo, wanarudi na mimba au na deni la apu za mikopo ya simu, na mzazi anayesema "nilimuachia" halali kwa majuto. Ila nimejaribu kukumbuka wale ninaowajua waliopotea, wa ukoo wetu na wanafunzi wangu wa zamani, na wengi wao hawakutoka kwenye nyumba zilizolegea. Walitoka kwenye nyumba kama yangu, zenye matroni wa nguvu na mama mwenye namba ya mtihani, na walikaa miezi mingi wanaficha sapu moja ndogo, mtihani wa kurudia somo, kwasababu hawakuwa na mtu wa kumwambia asiyefoka, mpaka sapu ikawa mwaka mzima na mwaka ukawa kufukuzwa, na ada bado inatumwa. Nimeshaona mzazi anajiandaa kwa sherehe ya mahafali ya mtoto aliyeacha chuo miaka miwili nyuma. Kitenge kilishashonwa.

Juzi Jumapili saa mbili usiku kapiga. Nikaangalia tarehe, 21, nikasema haya, hela imekata. Nikapokea nimejiandaa. Shikamoo mama, marahaba, alafu akaniuliza, "maharage kama hujayaloweka yanachukua muda gani?"

Nilikuwa na maswali kama manne hivi mdomoni. Unawapikia kina nani, mkaa mnatoa wapi, mbona saa mbili usiku ndio unabandika, na mbona nasikia watu wanacheka. Nikamwambia masaa mawili mpaka mawili na nusu, na akiongeza maji aongeze ya moto, ya baridi yanayakaza.

Akasema sawa mama, akakata.